Tokyo Magnitude 8.0: katuni ya watoto wawili, na sisi tunaolala juu ya ufa

Wandugu, ukimwambia mtu wa Uvira kwamba umekaa saa nne nzima unaangalia katuni, atakuuliza kama ile lisansi yako ulipewa bure. Kwetu katuni ni ya kunyamazisha watoto wadogo wakati mama yuko sokoni. Sawa. Lakini iko katuni moja ya Japani ambayo haikutengenezwa juu ya kuchekesha mtu, na mimi naona inatuhusu sisi wa bonde la Ruzizi kuliko filme nyingi tunazogawiana kwenye telefone. Inaitwa Tokyo Magnitude 8.0. Ilipita kwenye televisheni ya kule kuanzia Julai mpaka Septemba 2009, sehemu 11, kila moja nusu saa kasoro. Mwongozaji wake ni Masaki Tachibana.

Hadithi ni rahisi. Mirai ni binti wa mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini. Amechoka na kila kitu: masomo, wazazi wenye kazi nyingi, joto, na mdogo wake Yuki wa shule ya msingi, mtoto mwenye maswali yasiyokwisha. Siku ya kwanza ya likizo anaambiwa ampeleke Yuki kuona maonyesho ya maroboti kule Odaiba. Anaenda kwa kununa. Yuki anaenda chooni, Mirai anatoka nje na telefone yake, anaandika kwamba afadhali dunia hii ivunjike tu. Na dunia inavunjika. Anaanza kukimbia kumtafuta mdogo wake ndani ya jengo wenye watu wote wanatoka. Mwanamke mmoja anayeitwa Mari, mwenye kazi ya kupeleka vifurushi kwa pikipiki, anamsaidia kumpata. Mari naye ameacha nyumbani binti mdogo na mama yake mzee. Basi hao watatu wanaanza kurudi kwa miguu kwenda Setagaya, upande wa mangaribi wa jiji. Ni safari ya kilometa kumi na kitu, fupi kuliko kutoka Mutarule mpaka Uvira mjini, na inamaliza karibu filme yote.

Hapo ndipo ninapoipenda. Tetemeko lenyewe linachukua dakika chache za sehemu ya kwanza. Zinazobaki zote ni saa na siku za nyuma yake: daraja limeanguka, telefone haipiti, maji ya kunywa yanapangiwa mstari, choo hakuna, usiku unaingia, na mtoto bado hajui kama mama yake ni mzima. Watengenezaji walitafuta ushauri wa watafiti na walichora jinsi nguzo zinavyopinda na jinsi watu wanavyolala kwenye ukumbi wa shule. Hata mtangazaji wa habari ndani ya katuni ana sauti ya mtangazaji wa kweli wa televisheni, Christel Takigawa.

Sasa tuje kwenye ile namba ya jina, 8.0, juu wengi wanaisoma kama kilo za mchele. Kipimo cha magnitude hakiendi hivyo. Ukipanda hatua moja, kutoka 6 kwenda 7, nguvu inayotoka ardhini inazidi karibu mara 32. Tetemeko kubwa ambalo watu wa ziwa hili wanalikumbuka ni la Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 19 mchana, chini ya ziwa Tanganyika upande wa Kalemie. Lilikuwa 6.8, liliangusha nyumba Kalemie na lilisikika mpaka Nairobi. Ukipiga hesabu, lile la katuni lina nguvu mara 60 na zaidi ya lile la Kalemie. Na lile la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa 5.9. Hapo tofauti na 8.0 ni zaidi ya mara elfu moja.

Usifurahi haraka lakini. Lile «dogo» la 2008 liliua watu zaidi ya 30 upande wa Rwanda peke yake, kule Rusizi na Nyamasheke, wengine wakiwa ndani ya kanisa, na wengine upande wetu. Magnitude inakwambia udongo umetoa nguvu kiasi gani. Haikwambii nyumba yako itafanya nini. Hayo yanategemea umbali, kina, aina ya udongo chini ya miguu, na nani alijenga ukuta na kwa kitu gani.

Tuanze na udongo. Ukisimama Mutarule ukatazama mangaribi, unaona milima ya Mitumba imesimama sawa vile ukuta, na chini yake bonde limelala kama meza. Ule mpaka kati ya ukuta na meza haukuchorwa na mvua. Ni ufa. Afrika inapasuka polepole, upande wa mangaribi unaachana na upande wa mashariki kwa milimita chache kwa mwaka, na fasi inayopasukia ndiyo hii tunayolima. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 kwa sababu hiyo hiyo: sakafu imeshuka, maji yamejaa. Milimita chache hazisikiki. Lakini mawe ya chini hayatembei kila siku. Yanang'ang'aniana miaka na miaka, kiisha siku moja yanaachia kwa mara moja, na yale yote yaliyowekwa akiba yanatoka kwa sekunde chache.

Bonde nalo limejazwa na mchanga, matope na kokoto ambazo Ruzizi na mito ya mlimani imeleta kwa maelfu ya miaka. Weka bakuli ya uji na jiwe juu ya meza moja, kiisha gonga meza. Jiwe linatikisika kidogo na kunyamaza, uji unacheza na kuendelea kucheza. Ndivyo ilivyo kati ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba na ile iliyojengwa juu ya udongo laini wa bondeni. Mchanga ukiwa umeshiba maji, kama ule wa karibu na ziwa, unaweza hata kulegea kabisa ukawa kama uji wa kweli, na nyumba ikainama bila ukuta kuvunjika. Katuni haikuchagua Odaiba kwa bahati: ni kisiwa watu walichokitengeneza kwa kujaza udongo baharini. Miaka miwili kasoro baada ya katuni, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la 9.0 lilipiga kaskazini mwa Japani, na mji wa Urayasu, ulio pembeni ya Tokyo juu ya udongo wa kujaziwa vile vile, barabara zake zilitapika matope. Epicentre ilikuwa mbali, kilometa mamia.

Kuna mtu ataniuliza: na wale wataalamu wa Lwiro wanafanya nini? Wanapima, na kazi yao ni ya zamani, tangu wakati wa IRSAC kabla ya uhuru. Lakini kupima ni kitu kimoja na kutabiri ni kingine. Hakuna mtu duniani, Mjapani ao Mmarekani, anayeweza kukwambia tetemeko litakuja Alhamisi saa nne. Ujumbe wa namna hiyo ukikuta kwenye WhatsApp, ufute. Kile Wajapani wanacho tangu 2007 ni tangazo la dharura kwa watu wote: mashine zinanasa wimbi la kwanza, lile jepesi linalokimbia mbele kilometa karibu 6 kwa sekunde, zinapiga kengele kabla ya wimbi la pili, lile zito linaloangusha nyumba. Wanapata sekunde chache, ao sekunde makumi wakiwa mbali. Sisi hatuna kengele, lakini mawimbi yetu ni yale yale. Mtu aliyekuwa Uvira siku ile ya 2005, kilometa kama 300 kutoka fasi ya tetemeko, kati ya mtikisiko mwepesi na ule wa nguvu alikuwa na nusu dakika hivi. Nusu dakika inatosha kutoa darasa zima nje, kama darasa linajua la kufanya.

Na hapa ndipo roho yangu inaposumbuka, wandugu. Angalia tarehe. Bukavu 2008 ilikuwa Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi. Kule Bukoba, Tanzania, tetemeko lingine la 5.9 lilipiga tarehe 10 Septemba 2016. Liliua watu wasiopungua 17 na liliharibu vibaya shule ya sekondari ya Ihungo na ile ya Nyakato. Lilikuja Jumamosi, saa tisa na dakika 27 mchana. Mara zote mbili madarasa yalikuwa wazi. Kalenda ndiyo ilituokolea watoto, siyo ukuta, siyo mwalimu, siyo serikali.

Unataka kujua inakuwaje kalenda ikikataa? Miezi mitatu baada ya Bukavu, tarehe 12 Mei 2008, jimbo la Sichuan kule China lilipigwa na tetemeko ambalo Wachina wenyewe walilipima 8.0. Namba ile ile ya katuni. Lakini ilikuwa Jumatatu saa nane na dakika 28 mchana, watoto wamerudi darasani baada ya chakula. Serikali ya China ilihesabu wanafunzi zaidi ya 5,000 waliokufa ao kupotea. Shule ziliporomoka pembeni ya majengo mengine ambayo yalibaki yamesimama, na wazazi waliuliza kwa uchungu sima ilienda wapi.

Katika jimbo hilo hilo iko shule ya Sangzao. Mkuu wake aliitwa Ye Zhiping. Miaka mingi alisumbua wakubwa wampe pesa za kutia nguvu jengo moja baya, akapata kidogo kidogo, akanenepesha nguzo, akaondoa matofali yaliyokuwa yanaweza kuanguka. Na kuanzia 2005 alifanyisha wanafunzi mazoezi ya kutoka, kila darasa na njia yake, kila mwalimu na fasi yake ya kusimama kwenye ngazi. Watu walimuona kama mtu wa makelele. Siku ya tetemeko wanafunzi zaidi ya 2,000 walifika uwanjani kwa dakika 1 na sekunde 36. Hakufa hata mmoja.

Nguzo zilihitaji pesa. Mazoezi hayakuhitaji. Wengi wetu kwenye hili shirika la wahitimu tunafundisha, wengine bila mshahara wa serikali, wazazi ndio wanatulipa. Najua jibu litakuwa «hatuna hata chaki». Lakini kutoa darasa nje kwa kupima na saa ya telefone hakuombi chaki.

Kuna jambo moja tu ambalo tusinakili kwa macho yamefungwa. Kwenye katuni na kwenye kila kitabu cha Wajapani mtoto anaambiwa: ingia chini ya meza, shika mguu wake, ngojea. Ushauri huo ni mzuri kwa jengo ambalo litabaki limesimama, na Japani ilibadilisha sheria zake za ujenzi mwaka 1981 ili majengo yabaki yamesimama. Hapo hatari ni taa, vioo na makabati, na anayekimbia ndiye anayeumia. Darasa letu la tofali mbichi za udongo ni kitu kingine. Ukuta wa udongo ni mzito na hauna kitu ndani cha kuushika. Ukitikisika unapasuka kwenye pembe, kiisha unaanguka mzima mzima. Wa kwanza kwenda mara nyingi ni ile pembetatu ya juu ya ukuta, chini ya paa, juu haijashikwa na kitu chochote upande wa juu. Kwa hiyo wanaofundisha mambo haya kwenye nchi za nyumba za udongo wanasema: kama uko nyumba ya chini isiyo na ghorofa, karibu na mlango, na nje kuna fasi ya wazi, toka haraka. Kama mlango uko mbali, inama chini ya banki imara, mbali na ule ukuta wa pembetatu, funika kichwa na shingo, kiisha toka mtikisiko ukipungua. Ukiwa ndani ya jengo la sima na chuma, kama yale ya ghorofa ya Uvira mjini, usikimbilie ngazi. Bukavu ndiyo hivyo hivyo.

Tuna bahati moja ambayo watu hawaisemi: manjanja. Paa la manjanja ni jepesi, likianguka linakata na kujeruhi lakini haliponde darasa kama dari ya sima. Tunaiharibu bahati hiyo wenyewe kwa kupandisha mawe juu ya paa ili upepo usibebe manjanja. Jiwe la kilo tano juu ya mlango ambao watoto 60 watatokea! Kamba, waya na misumari ya kutosha vinafanya kazi ile ile. Direkta anayesoma hapa, tafadhali, kesho inua macho uangalie.

Kiisha kuna fasi ya kukutana nje. Kule mji wa Kamaishi, siku ile ya Machi 2011, wanafunzi wa sekondari ya chini walitoka mbio kwenda mlimani bila kungojea amri ndefu. Wale wa shule ya msingi jirani waliwaona, wakawafuata. Wakubwa wakashika mikono ya wadogo. Walipofika fasi waliyozoea kukutana kwenye mazoezi, waliona haitoshi, wakapanda juu zaidi, na bahari ikafunika shule zote mbili nyuma yao. Karibu wanafunzi wote wa mji waliokuwa shuleni siku ile, elfu tatu hivi, walipona. Lakini kwenye shule nyingine ya msingi, Okawa, mji wa Ishinomaki, watoto walitoka darasani vizuri, wakapangwa uwanjani vizuri, kiisha wakakaa pale karibu dakika 50 wakati wakubwa wanajadiliana waende wapi. Mlima ulikuwa nyuma ya shule. Watoto 74 kati ya 108 walikufa ao hawakuonekana tena, na walimu 10.

Ninapoisoma hadithi ya Okawa ninafikiri Uvira, mji uliobanwa kati ya mlima na ziwa, wenye makorongo na mito inayoshuka kwa hasira. Aprili 2020 Mulongwe ilituonyesha. Tetemeko kwenye miteremko kama ile linaweza kuporomosha udongo. Fasi ya kukutana haiwezi kuwa «nje» tu. Lazima mtu aende kuitazama mapema: iko mbali na ukuta, mbali na nguzo za umeme, mbali na mteremko, mbali na mto? Kwa Mutarule, Luberizi na Sange tuna uwanja mpana kila upande, kazi ni rahisi. Kwa vijumba vya mlimani Uvira kazi ni ngumu, na hapo ndipo wale waliosoma jiolojia na ujenzi wangetoka kidogo kwenye memwari zao.

Sasa lazima niseme jinsi katuni inavyokwisha. Anayetaka kuiona kwanza aruke aya tatu, kiisha arudi.

Yuki anakufa. Njiani, nyuma ya mnara wa Tokyo kuanguka, mtoto anaanza kuchoka, anaumwa na kichwa, anaanguka, anapelekwa hospitali. Tunaonyeshwa kwamba amepona, safari inaendelea, anacheka, anauliza maswali yake. Ni karibu na mwisho ndipo tunaelewa kwamba hospitalini alikwisha kwenda, na tangu pale Mirai alikuwa anatembea na kuongea na mdogo wake peke yake. Ukirudia kuangalia, unaona kwamba watu wengine hawazungumzi naye. Mari alijua, na hakuwa na maneno. Watazamaji wengine walikasirika, wakasema wamedanganywa. Mimi naona ni sehemu ya kweli kuliko zote. Mtoto aliyesema dunia ivunjike, aliyemwacha mdogo wake peke yake kwa dakika chache, angebebaje habari hiyo mara moja? Moyo unaomba muda. Anayeonekana mzima, anayetembea na kujibu, anaweza kuwa ndiye aliyevunjika.

Hapa Mutarule jambo hili halihitaji maelezo mengi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa hapa, watoto pia wakiwemo. Haikuwa tetemeko, ilikuwa mikono ya watu, na sitaki kuchanganya mambo hayo mawili. Lakini mtoto aliyebaki ni mtoto aliyebaki. Waliokuwa na miaka 9 wakati ule leo wana umri wa kuwa chuo kikuu, na wengi hawakuulizwa siku hata moja na mwalimu wala mtu mwingine: unalalaje? Tuliwaambia «jikaze», tukawarudisha darasani.

Wajapani nao zamani walikuwa wa «jikaze». Tetemeko la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, ambalo liliua watu zaidi ya 6,400, ndilo lililowafundisha kuhesabu matunzo ya moyo kati ya misaada, pamoja na maji na blanketi. Shirika la Ashinaga, ambalo lilikuwa linasaidia yatima kusoma, lilijenga pale Kobe mwaka 1999 nyumba ya watoto waliopoteza wazazi, fasi ya kucheza, kulia, hata kupiga godoro kwa ngumi, pamoja na watu wazima waliofunzwa kusikiliza. Baadaye lilifungua nyumba kama hiyo Uganda, karibu na Kampala. Na hii iwe habari ya kazi kwa anayesoma: Ashinaga ina mpango wa kusomesha ng'ambo vijana wa Afrika waliofiwa na mzazi mmoja ao wote wawili, Kongo ikiwemo. Anayehusika atafute.

Turudi kwenye telefone ya Mirai, na ndipo nitaachia. Karibu katuni nzima anaibonyeza na haipiti. Wajapani wana namba, 171, ambapo mtu anaacha sauti yake wakati wa maafa na ndugu yake anaisikiliza baadaye. Sisi tuna Airtel, Vodacom na Orange, na kila mtu anajua inakuwaje mtandao kukiwa hata na mvua tu. Tena watoto wengi hawajui kichwani namba hata moja. Iko ndani ya telefone ya baba, na baba yuko Kavimvira kutafuta maisha.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kwa kila mwenye mdogo wake nyumbani, ni maswali matatu, na yaulizwe wakati wa chakula, siyo wakati wa hofu. Kama udongo ukitikisika uko masomo na mimi siko, utangojea wapi? Ni nani mwenye ruhusa ya kukuchukua, Mama mkubwa, jirani, mwalimu gani? Niimbie namba ya Mama bila kuangalia. Mimi nimewauliza wadogo zangu watatu. Wawili walisema watakuja mbio nyumbani kunitafuta, na wa mwisho, wa miaka 6, akaniuliza: «Yaya, na weye utakuwa wapi?» Tulichagua uwanja wa mpira, upande wa goli la mashariki, mbali na ukuta wa kanisa. Namba bado anakosea tarakimu mbili za mwisho. Tunarudia jioni.